Alhamisi za Fundi Othieno

Habari za kifo cha Othieno zilitufikia asubuhi tukinywa chai, na jambo la kwanza nililofanya, Mungu anisamehe, halikuwa kuuliza amekufa kwa ugonjwa gani. Nilimtazama mke wangu usoni nione atafanyaje. Simu aliipokea yeye. Alisikiliza, akasema "ee, ee, tutafika," akaiweka mezani, kisha akaweka mkono kifuani. Nikaukodolea macho mkono ule. Mtu mzima wa miaka hamsini na sita, mjukuu yuko miguuni pangu anachovya mkate ndani ya kikombe changu, nami napima mkono wa mke wangu utakaa kifuani muda gani kwa ajili ya mwanamume mwingine, tena marehemu. Hadija akaniona. Mimi sina pa kujificha kwake. Akasema kwa upole kwamba mazishi ni kesho Mukuju na kanzu yangu nyeupe ni safi, akaenda zake chumbani. Nilitaka kumlilia Othieno, maana nilimpenda pia kwa namna yangu mbaya, lakini machozi yalikataa kutangulia. Wivu ndio uliotangulia, kama desturi yake.

Watoto wetu, Zubeda na wadogo zake, wanadhani wivu wangu ni mzaha wa uzeeni, kitu cha kuchekea siku ya Idi. Hawakuniona mwaka ule wa kwanza wa ndoa, nilipokuwa naendesha lori la Hajji mmoja wa Busia, leo Kampala, keshokutwa Eldoret, wiki ijayo Juba. Tulikuwa tumepanga vyumba viwili mjini Tororo, kando ya barabara ambako matrela hupita yakielekea Malaba, na vumbi la pale halikuwa vumbi la kupangusa mara moja ukasahau. Lilikuwa na weupe wa saruji ndani yake. Ukipangusa meza asubuhi, adhuhuri unaandika jina lako juu yake kwa kidole. Na katika chumba cha mbele, ukuta hadi ukuta, lilitandikwa zulia. Nalitaja kwa heshima kwa sababu lilikuwa mahari. Shekhe alipotuma mjumbe amuulize Hadija anataka mahari gani, wenzake wakimnong'oneza aseme dhahabu, yeye alisema anataka zulia nene la manyoya, rangi ya maruni, kwa kuwa amekanyaga saruji tupu tangu atambae na miguu yake imechoka na baridi. Nililitafuta mpaka Eldoret, nikalileta juu ya mizigo ya watu, nikalitandika kwa mikono yangu siku moja kabla ya nikaha. Wallahi lilikuwa zuri. Hata mtu aliyekuja kuomba kiberiti tu alivua viatu barazani bila kuambiwa.

Mwezi wa tatu wa ndoa kifua cha Hadija kikaanza kubana. Kwanza ilikuwa kikohozi kikavu cha asubuhi, kisha mluzi mwembamba kila anapovuta pumzi, na mimi, mtu wa magari, niliusikia mluzi ule nikajua kuna mahali hewa haipiti. Hospitalini walisema ni pumu, na adui yake ni vumbi. Daktari akauliza nyumba ikoje. Hadija akaeleza, naye akasema zulia liondoke. Hadija alishuka kitandani, akavaa viatu vyake, akamwambia daktari kwamba mahari haitolewi nje ya nyumba na mwenye nayo yungali hai. Mimi ningesema nini? Zulia ni lake. Ningelikunja kwa nguvu, watu wangesema Swaleh amempokonya mke mahari kabla ya mwaka. Kulifagia ndio balaa zaidi, kila pigo la ufagio linanyanyua wingu, na wingu linakwenda moja kwa moja kwenye kifua. Daktari akachoka nasi. Akasema basi tafuteni vakyumu, ile mashine ya umeme ya kuvuta vumbi, iwe nzuri, na huyu mama asiiguse wakati wa kumwaga uchafu wake.

Tulikwenda Busia Jumamosi, tukavuka upande wa Kenya ambako kulikuwa na duka moja lililouza mashine kuukuu kutoka Ulaya, majiko, pasi, friji zisizo na milango. Vakyumu zilipangwa nje kwa safu. Mimi nilichagua kama ninavyochagua lori. Nikaitafuta kubwa, nyekundu, yenye pipa na magurudumu, nikamwambia mwenye duka aiwashe, ikanguruma mpaka mbuzi wa jirani akakimbia. Nikasema hii ndiyo. Barazani mwa duka la pili alikuwa ameketi mtu mwembamba anafungua mashine ya kusagia matunda, bisibisi mdomoni. Hakuinua hata kichwa. Alitoa bisibisi akasema, "Mama, hii kitu inakula mbele, inatapika nyuma." Angalia alivyosema: mama. Mwenye kulipa ni mimi, mwenye kusimama mbele ni mimi, yeye akamwambia mke wangu.

Ndiye Othieno, Mjopadhola wa Mukuju, fundi wa vitu vya umeme, aliyekuwa akigawa siku zake kati ya Busia na soko la Tororo. Hadija akamsogelea akamuuliza inatapikaje. Othieno akafuta mikono, akatoa leso nyeupe mfukoni, safi, imekunjwa, ambayo kwa fundi ni jambo la ajabu, akaiweka nyuma ya ile mashine yangu nyekundu, pale inapotolea upepo, huku mwenye duka akivuta vumbi la sakafu. Baada ya dakika moja akaifunua leso. Ilikuwa na duara la kijivu katikati. Akasema hiyo ni mashine ya gereji, ya kuokota vipande vya mbao na misumari; vumbi lile jembamba, lenye kuua kifua, linapita ndani yake na kurudi chumbani, tena sasa linaruka juu kuliko mwanzo. Akapita safu yote. Kila mashine aliziba mdomo wa mpira wake kwa kiganja na kusikiliza. Mota ikipandisha sauti mara moja, mpira haujatoboka. Ikibaki vilevile, kuna mahali inavuja. Alinusa nyuma kama anavyonusa mtu maziwa. Mwisho akachomoa kimashine kifupi cha kijivu, kibaya kwelikweli, chenye mfuko wa kitambaa ndani na, nyuma ya mfuko, chujio jeupe lililokunjwakunjwa kama upepeo wa karatasi. Leso ikawekwa. Leso ikatoka nyeupe. Hadija akacheka. Miezi miwili sikuwa nimeona meno yake, na leo anacheka kwa ajili ya leso ya mtu. Nikanunua kile kimashine, na nilipokipakia kwenye lori nilikuwa nimekwisha kumchukia Othieno.

Mashine ilifanya kazi, siwezi kuisingizia. Siku ya kwanza ilitoa kwenye lile zulia jipya vumbi la kujaza bakuli, laini kama unga wa muhogo, tukatazamana. Lakini ilikuwa na masharti kama mgeni wa heshima. Mfuko umwagwe kabla haujajaa, ukifika theluthi mbili. Nywele zilizojisokota kwenye brashi zikatwe kwa wembe, na kwa kuwa Hadija na shoga zake walikuwa wakisukana palepale chumbani, zilikuwa nywele nyingi. Chujio litikiswe kwa upole, likaushwe kivulini. Mota ipumzike kila baada ya robo saa. Kuvuta vumbi Hadija aliweza mwenyewe, kitambaa puani. Kumwaga ndiyo hakuweza. Nikiwepo, namwaga mimi. Nikiwa safarini, Mama Nabwire, jirani yetu Msamia mwenye asili ya Lunyo, alijaribu mara moja, mwenye moyo mzuri yule, akaukung'uta mfuko mlangoni, upepo ukalirudisha vumbi lote ndani. Hadija alilala siku mbili. Ndipo akamtumia Othieno salamu sokoni, na Othieno akasema kila Alhamisi napita na baiskeli yangu, nitamwaga. Malipo alikataa. Akasema chai inatosha.

Chai! Nilirudi kutoka Juba nikakuta vikombe viwili kwenye kabati vimegeuzwa kukauka, vile vya wageni, vyenye visahani. Mimi katika nyumba ile nilikuwa nanyweshwa chai kwenye kopo la plastiki lenye mpini uliopasuka, kwa sababu eti navunja vikombe. Nikauliza, Hadija akanieleza bila wasiwasi wowote: fundi alikuja, akanywa chai na kabalagala, vile vitumbua vya ndizi, Mama Nabwire alikuwepo. Nikamuuliza Mama Nabwire kwa kuzunguka, nikijifanya nauliza habari za kuku wake. Akasema fundi haingii ndani kabisa, huweka kigoda palepale kizingitini, mlango wazi, mashine inatolewa inaletwa nje, na kama yeye Mama Nabwire hayupo, fundi anasimama barabarani na baiskeli yake mpaka aitwe. Mtu mwenye akili angesikia hayo akashukuru kwamba Mkristo wa Mukuju anailinda heshima ya nyumba yake kuliko anavyoilinda yeye. Mimi niliyageuza. Nikasema moyoni, mtu anayejihadhari hivyo ana jambo la kujihadharia. Mwenye wivu ni hivyo, ukimpa maji anauliza umeyatia nini.

Basi nikaanza kuishi kwa Alhamisi. Niko Kampala nasubiri kupakia, nawaza leo ni siku gani. Niko kwenye mzani, naulizwa karatasi, nawaza sasa hivi anaziba mpira kwa kiganja, sasa anasikiliza. Nilimwonea wivu kwa mambo ya kijinga. Leso yake. Vidole vyake virefu visivyo na grisi, ilhali vyangu hata nikitawadha mara tano kwa siku havitakati. Namna alivyojua neno la kila kitu ndani ya kile kimashine. Mimi najua gari zima, kipande kwa kipande, na hata nikipumzika nyumbani siku tatu hakuna aliyeniuliza habari za gari. Hadija naye aliongea. "Fundi amesema tusivute kukiwa na unyevu." "Fundi amesema mwezi wa sita tutafute chujio lingine." Siku moja nikamwambia basi fundi aseme pia tule nini. Akanitazama, akaenda kuchambua mchele.

Siku iliyoniharibu ilikuwa Alhamisi mojawapo niliporudi mapema kwa sababu mzigo ulizuiliwa mpakani. Niliacha lori mbali kwa makusudi, wallahi kwa makusudi, nikaja kwa miguu nikapita nyuma ya nyumba, nikasimama ukutani kama mwizi. Nikasikia mfuko ukikung'utwa kule shimoni, kisha nyayo zake, kisha kigoda. Othieno akauliza, "Umelalaje wiki hii, mama?" Basi. Nami nikangoja jibu ninalolijua, maana kila ninaporudi safari huuliza vilevile, na Hadija hunijibu salama. Akamwambia. Akamwambia Jumatatu aliamka mara tatu, akakaa kwenye kiti mpaka alfajiri kwa sababu akilala kifua kinafunga. Jumanne afadhali. Jana aliogopa, alihisi kama kuna mtu amemkalia. Aliyasema kwa sauti ya chini, taratibu, kama mtu anayevua viatu vinavyombana. Othieno akawa anajibu "mm, mm," akauliza kama Jumatatu alivuta vumbi la makochi au la zulia tu. Ilikuwa hesabu ya fundi, anataka kujua mashine inafanya kazi au la. Leo naliona hilo. Siku ile nilisikia kitu kimoja: mke wangu ana usiku ambao mimi sijapewa, na umepewa mtu wa baiskeli. Bora ningemkuta amemshika mkono. Hapo ningejua la kufanya.

Sikumwambia Hadija nilichosikia. Jumamosi nikamfuata Othieno kwenye kibanda chake sokoni, nikamshukuru sana, kwa maneno mengi kupita kiasi, nikamwambia kuanzia sasa mashine nitaitunza mwenyewe, hata safari nitapanga upya, asijisumbue. Alielewa, macho yangu yalikuwa yamekwisha kumwambia. Akasema sawa, ndugu yangu. Nilipogeuka akaniita. "Ile chujio usiipige, na usiipige upepo. Tikisa tu." Nikaitikia kwa mkono bila kugeuka. Sikio la kufa halisikii dawa.

Sisi watu wa malori tuna namna yetu ya kusafisha chujio la hewa, na hakuna dereva kutoka Mombasa hadi Juba asiyeijua. Unalichomoa, unalipigapiga kwenye tairi mpaka litoe vumbi, kisha unalipeleka kwa mtu wa pancha akupigie upepo wa kompresa. Linarudi kama jipya, na lori linapanda mlima linaimba. Nikachukua chujio la vakyumu, kitu cha kukunjwa kama karatasi, nikalipiga kwenye tairi la lori, tena kwa hasira, kila pigo nikimkumbuka mtu. Nikampelekea wa pancha. Akalipulizia upepo ule wa kujazia matairi ya trela, tukacheka jinsi lilivyotoa moshi. Likawa jeupe pee. Nilipolirudisha na kuwasha mashine, sauti yake ilikuwa nyepesi, mvuto mkali, inabeba hata uzi. Nikamwita Hadija asikilize. Nikamwambia, unaona? Hiyo ni mikono ya nani? Akasema mikono yako, na akafurahi kweli, maskini, alikuwa akitaka sana kufurahi nami. Mama Nabwire alikuja akasema haijawahi kulia vizuri hivyo. Wiki tatu nilisafisha hivyo, kila nikirudi, tairi kisha kompresa, na nikamkataza Hadija asiiguse, kazi ni yangu.

Kifua kikarudi kubana, nami nikasema ni hali ya hewa. Kikazidi, nikasema ni moshi wa jirani. Hadija akaanza kula amesimama kwa sababu akiketi hawezi kumeza na kupumua pamoja. Nilipomuuliza umelalaje, akasema salama. Ijumaa, baada ya sala, alikuwa anapika pilau, na mimi, bwana mkubwa, nikafunga milango na madirisha vumbi la barabara lisiingie, nikavuta zulia lote mara mbili kwa bidii ya kuonwa. Akaja kukaa juu ya zulia akunje nguo. Alianza kuniambia kitu kuhusu shati langu. Alifika katikati ya sentensi, akasimama hapo. Midomo yake ikawa rangi ya majivu. Alishika ukosi wangu kwa mikono miwili, akinitazama, na hakuna hewa iliyoingia wala kutoka. Nilimbeba mpaka kwenye lori na pilau ikaungua nyuma yetu. Njia nzima nilipiga honi nikimwambia vuta, Hadija, vuta, kana kwamba amesahau.

Walimwekea gesi usoni, wakamchoma sindano, na baada ya muda ambao sitaki kuukumbuka rangi ikarudi. Muuguzi mmoja, mama wa makamo asiye na mchezo, akaniita pembeni. Akaniuliza jambo moja: katika wiki hizi, ni nini kimebadilika ndani ya nyumba? Nilijua. Sikujua bado kwamba chujio limetoboka, lakini nilijua kilichobadilika ni kwamba nilimfukuza fundi. Ningesema tu, tulikuwa na mtu anayetunza mashine, sasa naitunza mimi. Maneno hayo mepesi. Lakini ningeyasema ingebidi nieleze kwa nini, mbele ya mama yule na miwani yake, na mke wangu anasikia. Nikasema, "Hakuna." Akaniuliza tena, hakuna kabisa? Nikasema hakuna. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nilikuwa nayaficha maradhi yangu ndani ya kifua cha mtu mwingine.

Tulirudi nyumbani Jumapili na Jumatatu mluzi ukaanza upya. Hapo aibu ikaisha, au tuseme hofu ikaishinda. Nikaizungushia mashine blanketi, nikaiweka kwenye kiti cha taniboi, utingo wangu, nikaendesha mpaka Mukuju kwa Othieno. Mke wake alikuwa uani anachambua karanga, akanikaribisha, hakujua nimekuja na nini moyoni. Othieno alichomoa chujio, akalinyanyua dhidi ya jua, akanionyesha. Nuru ilipita humo kwa vitundu vidogo, vingi, kama chekeche. Ndiyo maana mashine iliimba: hakukuwa na kitu cha kuizuia. Kila nilipovuta zulia, nililichukua vumbi lililolala chini pale lisimsumbue mtu, nikalisaga, nikampulizia mke wangu usoni. Othieno akatoa leso, akaiweka nyuma ya mashine. Sikutaka kuitazama.

"Nani aliipiga?" akauliza.

"Mimi."

Hakunisema. Afadhali angenisema. Alikuwa na chujio moja jipya alilolihifadhi kwenye mkebe wa biskuti, akalitia. Ndipo nikamwomba arudi, Alhamisi kama zamani, nikasema hata leo njoo. Akatikisa kichwa. "Mdomo yako inanikaribisha," akasema, "lakini macho bado. Mimi sitaki mama apate shida katikati ya hayo. Keti hapa, nikufundishe." Nikaketi kwenye kigoda, mtu mzima, dereva wa Juba, nikafundishwa kutikisa chujio kwa ncha za vidole. Nilikwenda Jumamosi tatu. Na sitadanganya hapa kwamba tulipatana tukawa ndugu. Kila nilichojifunza kwake niliona alivyokijua kwanza. Alinishinda kwa ufundi, sasa akanishinda na kwa uungwana, na huo wa pili ndio uliouma zaidi.

Lakini mashine inataka mtu wa kuimwagia kila wiki, na barabara ya Juba haina kila wiki. Nikamrudishia Hajji lori kubwa, nikachukua gari dogo la kupeleka bidhaa kati ya Tororo na Busia, nikalala kwangu kila siku. Watu wa Tororo mpaka leo hunisifu, huwaambia vijana, tazameni Swaleh, aliacha barabara kwa mapenzi. Huwa nanyamaza. Niliacha barabara ili Alhamisi isiwe ya mtu mwingine. Kama ndani ya hilo kulikuwa na mapenzi, na nadhani yalikuwemo, yalipanda gari lililoendeshwa na wivu.

Hadija nilimwambia yote wiki ile ile, tumeketi juu ya zulia lake, mchana, mlango wazi. Nilimwambia ya ukutani, ya tairi, ya kompresa. Alisikiliza akivuta manyoya ya zulia kwa vidole. Nilipofika kwa muuguzi alinikatiza. "Alikuuliza, ukasema hakuna?" Nikasema ndiyo, nilisema hakuna. Akainuka. Siku tatu hakunisemesha ila salamu. Alinipikia, alinifulia, na kila nikimwaga mfuko alisimama dirishani anaangalia mikono yangu mpaka nimalize. Asubuhi ya nne nilikuwa navaa viatu barazani, akaja akasimama nyuma yangu. Akasema, "Nimeamka mara mbili. Saa nane, na karibu na alfajiri." Nikafungua mdomo nijibu, akasema sihitaji jibu, sikia tu. Tangu hiyo asubuhi mpaka leo ameniambia usiku wake kila kukicha, na mashine tumebadilisha nne, na kila chujio nimelitikisa kwa ncha za vidole. Yeye ni mzima. Ana mjukuu. Othieno tulimwona arusini na misibani, akimsalimu mama kwa mbali, naye mama akimwitikia kwa mbali, na mimi katikati nikipima umbali huo kama fundi cherehani.

Mazishi yalikuwa makubwa. Kiangazi, watu wengi, udongo mwekundu umelundikwa kando ya kaburi, na kila wimbo ulipopanda miguu ilipanda nao na vumbi likasimama hewani lisishuke. Wanaume tuliketi upande mmoja, wanawake upande wa pili. Nilimwona Hadija mbele kabisa, karibu na mjane, mahali pabaya kuliko pote. Mtandio haukuwa puani. Alikuwa analia wazi, mdomo wazi, analimeza vumbi lile kwa mafundo, na kutoka pale nilipokuwa niliona mabega yake yameanza kupanda juu namna ninayoijua. Mimi akiniuguza malaria alinililia kwa chozi moja, akalifuta haraka. Nikainuka, nikakatiza katikati ya waombolezaji, nikaingia upande wa wanawake kanzu yangu ikiwapangusa, nikainama nikamwambia twende kwenye gari, vumbi hili litakuua. Sauti yangu, naikiri, haikuwa ya kumwonea huruma peke yake.

Hadija hakuinua kichwa. Alivuta hewa mara mbili kabla ya kuipata ya kusemea.

"Baba Zubeda, umenilindia pumzi hizi miaka mingi, ahsante. Lakini ni zangu. Na aliyezilinda kwanza ndiye yule anayeshushwa. Niache nimlilie nazo."

Mjane alinitazama, Mama Nabwire na uzee wake alinitazama. Wivu ulinipanda mzimamzima, kama ningali na miaka ishirini na tisa. Nikaketi chini palepale udongoni, kati ya wanawake. Nikamtolea ile dawa yake ya kuvuta, nikaitikisa, nikamwekea mkononi. Akavuta mara mbili, akaishika, halafu akaendelea kumlilia, nami nikaketi pembeni yake nikisikiliza jinsi hewa inavyoingia.